Mshale Uliosimama Kwenye Nne

Injini ilikuwa imekufa. Moshi unafuka chini ya boneti, mke wangu analia siti ya nyuma, damu imeshafika kwenye zulia la gari...

Na mshale wa geji ya oili umesimama kwenye nne!

Nne maana yake mzima. Nne maana yake endelea baba, mambo safi.

Nikakigonga kile kioo chake kwa kidole. Mshale haukutikisika, na injini iliyozimika mshale wake hulala sifuri.

Hapo ndipo nilipojua kuna mtu kalichezea gari langu.

Jana mmoja wenu kaniuliza kwenye komenti: "Kaka Florian, nimenunua gari lina tabo, nifunge geji zipi?" Nilianza kumjibu kwa mstari mmoja. Nikafuta. Kaa chini ndugu yangu, jibu lake ni refu.

Mimi ni Mhaya, naishi Igogo, Mwanza. Sisimulii kwa hasira. Hata machozi sina. Kuna kitu ndani yangu kilizimika mwaka jana, na swichi yake sijaiona mpaka leo.

Turudi nyuma kidogo.

Nilipolinunua lile gari niliambiwa kabisa: tabo inasukuma upepo mwingi kwenye injini, na inaishi kwa oili. Oili ikikata, tabo inakufa, na injini inaifuata. Kwa hiyo lazima uwe na geji.

Fundi wangu Ngosha, wa Mabatini, akanionyesha seti mbili.

Ya kwanza ilikuwa nyeusi, ya kawaida tu, ila sensa zake, vile vidude vya kupima, ni nzito. Ya pili ilikuwa inabadilisha rangi saba.

"Nshomile, chukua hii nyeusi," akaniambia. Ndivyo anavyonitania, kwa sababu ya Uhaya wangu. "Geji ni sensa. Hayo mataa ni ya disko."

"Mwanangu, gari langu halitakaa na sura ya msiba."

Nikachukua rangi saba. Mchagua jembe si mkulima, mnasemaje?

Wiki ya pili tu, mama mkwe wangu akaugua ghafla kwao Bujora. Mama Paskazia. Mimi na Winnie, mke wangu, tukaenda kumchukua tumlete hospitali mjini.

Sasa lazima mjue jambo moja. Mama Paskazia alikuwa Msukuma wa zamani. Kwake mkwe wa kiume hatazamwi usoni, na maumivu hayaliliwi mbele yake. Alikaa siti ya nyuma, kitenge kimefika kwenye nyusi. Nikamwambia, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba huku anatazama dirishani.

Tulipofika Igoma mshale wa oili ukaanguka. Sifuri!

Sheria ya oili ni moja. Mshale ukilala, zima injini. Nikapaki pembeni, nikazima, nikampigia Ngosha.

"Florian, tukodi bajaji," Winnie akasema.

"Dakika tano tu. Fundi yuko njiani."

Nikauliza bila kugeuka: "Mama, unajisikiaje?"

"Sijambo, baba. Wewe tengeneza gari lako."

Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Mwenyewe kasema hajambo.

Ngosha alifika na bodaboda baada ya dakika arobaini. Akafungua boneti, akachungulia, akacheka.

"Waya wa sensa umechomoka. Oili ipo tele. Si nilikwambia?"

Hospitali daktari alitutazama, akasema, "Mngewahi kidogo..." Hakumalizia. Mama Paskazia alifariki saa tisa alasiri, kitenge bado kikiwa kwenye nyusi.

Winnie hakunigombeza. Nilitamani anigombeze! Alikifua kile kitenge, akakikunja, akakiweka kabatini. Chakula alipika, salamu alinipa. Tukawa tunaishi kama wapangaji wawili wanaopeana zamu ya bafu.

Na mimi nikafanya nini? Nikang'oa geji za rangi, nikafunga zile nyeusi.

Nilitakiwa nijifunze kutazama watu. Nikajifunza kutazama mshale zaidi.

Ikawa kila safari nasimama. Mshale ukishuka kidogo, nimesimama. Ukipanda, nimesimama. Siku moja nilisimama mara tatu kati ya Igogo na Buzuruga, Winnie nyuma na mimba yake, ya usiku mmoja tu tuliosahau kuwa wapangaji, jua linawaka. Siku hizo alikuwa anakaa nyuma. Sikumuuliza kwa nini.

Basi, mwezi uliotangulia kumbukumbu ya mwaka wa mama, mshale ukatulia. Nne asubuhi, nne jioni. Mlimani nne, kwenye foleni nne.

Najua mafundi mnaosoma hapa mnacheka. Presha ya oili hupanda na kushuka kila ukikanyaga mafuta, haiwezi kukaa mahali pamoja. Nilikuwa nalijua hilo kabisa. Ila mtu mwenye hofu akiletewa habari njema haiulizi maswali.

Nikamsifia Ngosha. "Hii ndiyo geji! Haichezichezi!"

Akatazama viatu vyake. "Haya, Nshomile."

Siku ya kumbukumbu tulienda Bujora. Misa ikaisha, watu wakakaa kula. Winnie akaja akanishika mkono. Mwaka mzima hakuwahi kunishika mkono.

"Florian... natoka damu."

Mimba ilikuwa miezi minane na kidogo.

Nikamlaza nyuma, nikawasha. Ile barabara ya vumbi kabla hujatokea lami, gari likagonga jiwe kwa chini. Kong'!

Nikatazama mshale. Nne.

Nikaenda.

Kisesa, nne. Igoma, pale pale nilipopaki mwaka jana, nne. Nilipapita sikupumua. Buzuruga injini ikaanza kugonga kama mtu anatwanga mahindi. Nikatazama tena. Nne!

"Twende," Winnie akasema kwa nyuma. "Twende tu."

Tulipanda kilima cha hospitali injini inalia. Hatua kama thelathini kabla ya geti ikakata. Walinzi na bodaboda wakasukuma, manesi wakaja na kitanda, wakampeleka ndani. Mimi nikazuiwa mlangoni.

Nikarudi kwenye gari. Ufunguo bado uko kwenye swichi, injini imekufa, mshale kwenye nne. Ndipo nilipoigonga kwa kidole tena, nikampigia Ngosha aje.

Alikuja, akalala chini ya gari, akatoka mikono mikavu.

"Sampo imepasuka, bakuli zima la oili. Hakuna oili hata tone. Hili gari umelitoa wapi likiwa hivi?"

"Bujora."

"Acha utani. Ungesimama."

"Geji inasema nne."

Akaanza kufuta mikono iliyokuwa mikavu tayari. Nikajua anajua kitu.

"Ngosha. Nani kaigusa geji yangu?"

"Mimi."

Nikamkamata ovaroli shingoni. "Ulitaka kutuua?!"

"Niachie, kaka. Nilikata waya wa sensa, nikafunga kidude cha kuidanganya. Niliombwa."

"Na nani?!"

Akatazama mlango wa hospitali.

"Na shemeji."

Nikamwachia. Sikuwa na hasira, sikuwa na chochote. Nilisimama nikatazama watu wanaingia na kutoka getini.

"Baba wa mtoto wa Winnie yuko wapi?"

Nesi. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Una binti. Mama yake yuko salama. Mngechelewa robo saa tu, baba, tungewapoteza wote wawili."

Safari hii sentensi ilimaliziwa.

Winnie alikuwa amelala ubavu, mtoto kifuani. Hakunitazama.

"Umeiona geji," akasema.

"Nimeiona."

"Ni mimi."

"Injini imekufa, Winnie. Ungeniambia tu nisisimame."

"Nilikwambia. Igoma. Nilikwambia mara nne."

Nikabisha. Mimi naikumbuka mara moja tu, ile ya bajaji.

"Ya bajaji ni ya kwanza," akasema. "Ya pili nilisema mikono ya mama imepoa. Ya tatu nilisema mama hawezi kukwambia yeye, wewe ni mkwe wake. Ya nne nilikulilia, Florian. Ulikuwa unaongea na simu, macho kwenye mshale."

Akamvuta mtoto karibu zaidi.

"Ngosha aliniuliza auweke kwenye ngapi. Nikamwambia nne. Nilitaka kila ukiitazama ikwambie, hata kama hujui inakwambia nini."

Daah.

Nilitamani kulia. Machozi hayakutoka. Nikakaa chini sakafuni, pembeni ya kitanda, mpaka nesi akaniondoa.

Mtoto tumempa jina la bibi yake.

Sasa wewe wa komenti. Funga geji ya presha ya oili kwanza, ya joto ifuate, ya tabo mwisho. Nunua sensa, usinunue rangi. Na usimruhusu mtu aidanganye. Sisi tuliponea kwenye uongo, na siwezi kukushauri uongo. Ila geji yoyote utakayofunga inakuambia habari za injini tu. Aliyekaa nyuma anaweza kuwa anakufa kwa heshima, na mshale uko nne.

Ngosha amenipatia injini nyingine. Waya wa sensa kaurudisha. Na mimi nimebandika kioo kidogo juu ya dashibodi, kimeelekea siti ya nyuma.

Jumapili iliyopita Winnie alipanda na mtoto. Akakaa nyuma kama kawaida yake. Akakiona kile kioo.

Nilipotaka kuwasha akainama mbele, akakisogeza kidogo kwa kidole, mpaka tukaonana macho.