Waliozifuta Ngoma za Munezero

"Ngoma zangu ziko wapi?"

Munezero alivua spika za masikioni, akamkazia macho Edirisa, mwenye studio pale Mbarara. Gitaa la wimbo wao lilikuwa limesafishwa mpaka likafanana na la kwaya, na ngoma zimewekwa za kompyuta.

"Nyabo, usinikasirikie. Damascène wako ndiye alisema nitoe. Eti makelele iko mingi, redio itakataa."

Damascène wake. Mpiga gitaa wa bendi yao ya roki, bendi iliyofukuzwa harusini, ikanyimwa jukwaa pale Base Camp, kitovu cha makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kwa sababu wageni wa mashirika walitaka wakimbizi wa kucheza na vikapu na kutabasamu wapigwe picha. Munezero hakusahau hata moja. Miaka yote hiyo alipiga madebe ya mafuta ya msaada kama ngoma mpaka viganja vikachubuka, na Damascène akiapa kwamba makelele yale ndiyo ukweli wao.

Kwenye gari la kurudi Nakivale akamwandikia: "Nimesikia wimbo. Umenifuta."

Jibu likaja upesi: "Nilitaka batusikilize kwanza, chérie. Usiharibu siku yetu ya kesho."

"Kesho utasikia jibu yangu."

Kesho yake watu wa Damascène walifika kumposa Munezero, na mbuzi na kreti za soda. Siku ile mchumba wa kiume hafungui mdomo, husemewa. Binti ndiye huulizwa mbele ya wote kama anawajua wageni. Akiwakana, wanafungasha.

Baba yake mkubwa, Appolinaire, akamwita katikati ya ua.

"Binti yangu, aba bantu unabajua?"

"Ninabajua bote, baba. Isipokuwa uyu." Akamwonyesha Damascène. "Mwenye nilijua alikuwa anapiga gitaa na miye. Uyu alitoa mikono yangu, akaweka mashine, juu redio imupende."

Natanaeli, msemaji wa wageni, akacheka peke yake, akasema bibi harusi anapenda mizaha. Hakuna aliyemfuata.

Damascène akasimama. Shangazi yake akamvuta shati, likachanika mfuko, naye hakugeuka. Aliunganisha simu na spika ya sherehe, akafungulia ile rekodi ya kwanza ambayo Edirisa hakuigusa. Gitaa likakwaruza, madebe yakalipuka, mbuzi mmoja akakata kamba.

"Izi ngoma ni zake," akasema, sauti ikipanda juu ya spika. "Niliona haya mbele ya bantu benye hawakutupenda hata siku moja. Iyi ndiyo nimetuma redio, sasa hivi. Bakikataa, bakatae sisi wote wawili."

Munezero alimtazama mpaka madebe yakarudi kwenye kiitikio.

Appolinaire akaziba sikio moja. "Ninauliza tena. Uyu muntu unamujua?"

"Sasa ninamujua, baba."

"Basi apunguze iyo makelele, tuombe."

"Hapana, baba. Ninyi ndiyo muombe kwa sauti ya nguvu."