Nguzo ya Kumi na Saba

Asubuhi ile, nje kidogo ya Khulna, Jorina alimwachia binti yake Mina kiporo cha wali, akamfuata mumewe kazini kama kawaida. Walikuwa wakijenga shule juu ya bwawa lililofukiwa, tope tupu. Ndiyo maana walichimba mashimo marefu, wakamwaga kokoto tabaka kwa tabaka, wakazishindilia mpaka zikatanuka na kulibana tope, zikawa nguzo. Nyundo ya mashine ikidunda badala ya kuzama, basi nguzo imekaza na jengo litasimama.

Wanawake, Jorina akiwemo, walibeba kokoto kwa karai kichwani. Tofazzel, mumewe Jorina, alisimama mdomoni mwa shimo kuongoza nyundo.

Kwao, mtu akiitwa na asiyeonekana haitiki mpaka mwito wa tatu, kwani kisicho mtu huita mara mbili tu. Nyapara Kashem aliuita huo upuuzi. Penye mashine, asiyeitika mara ya kwanza hufukuzwa. Njaa haina miko, wakazoea kuitika papo hapo.

Shimo la kumi na saba lilikataa kujaa. Makarai mia mbili yalimezwa na nyundo ikazidi kuzama. Adhuhuri mashine ikazimwa. Jorina akasikia jina la mumewe likiitwa, polepole. Sauti ilitoka chini.

"Usiitike, Baba Mina," alinong'ona.

"Naam," Tofazzel alishaitika.

Hakupiga kelele. Jorina alipepesa macho tu, na pale mdomoni hapakuwa na mtu. Walishusha ndoana mpaka magharibi, hawakupata hata uzi wa nguo yake. Kesho yake Kashem akawasha mashine. Pigo la kwanza, nyundo ikadunda.

"Imekaza," alisema, bila kumtazama Jorina.

Shule ilipokwisha kujengwa, Jorina akapewa kazi ya kufagia. Kila adhuhuri, chini ya sakafu ya darasa la pili, lililokaa juu ya nguzo ile, sauti ya mumewe ilimwita. "Mama Mina." Halafu tena. Alishika ufagio akingoja ya tatu. Haikuja. Mwaka mzima alingoja, mpaka matumaini yenyewe yakawa ugonjwa.

Siku moja Mina, akimletea mama chakula, alimsikia kutoka barazani.

"Abee," alisema mama, taratibu, kama mtu aliyechoka.

Mina aliingia. Ufagio ulikuwa umelala. Sakafu kavu, haina ufa. Katikati zilipangwa ndara za mama yake, na kando yake ndara za baba, zimejaa tope bichi.