Mkanda Usiosimamishwa

Mtoto alilia, akalia, kisha humo chumbani mtu akamwambia taratibu, “Nyamaza, baba. Nyamaza.”

Mamaye alikuwa sebuleni, usiku umekwenda, macho kwenye televisheni. Mumewe, mwoka mikate, alikuwa zamu. Nyumba nzima hakukuwa na mtu mwingine. Na bado hakuinuka.

Filamu ile alikuwa ameitafuta tangu yuko sekondari, kila duka la kanda, kila mzee aliyewahi kuonyesha sinema, kwa sababu marehemu mama yake alicheza humo, kwenye arusi ya mwishoni mwa filamu, wala hakuacha hata picha moja. Jioni ile fundi wa deki ndiye aliyempatia. “Mkanda umechoka huu, dada. Ukiusimamisha tu, umekatika. Ukianza, ni mpaka mwisho.”

Basi mtoto alipoangua kilio arusi ikikaribia, hasira zilimpanda, akasema kwa sauti: “Jamani, yeyote mwenye mikono ambebe!”

Akabebwa.

Alisikia nyayo laini zikienda na kurudi, akamsikia mwanawe akicheka, akajiambia nainuka, sasa hivi nainuka, na hapo hapo akatokea mama yake, msichana mwembamba, anazunguka, anacheka meno yote nje, basi akakaa, akakaa mpaka mwisho, machozi yanamtiririka na asijue ni ya furaha au ya woga.

Alipofungua mlango, mtoto amelala, amefunikwa vizuri, ananukia waridi. Nyumba ile haikuwa na waridi wala manukato.

Tangu hapo mtoto akakataa ziwa. Mamaye akimbeba, analia. Akimlaza, anainyooshea mikono pembe tupu ya chumba. Akaanza kukonda, mbavu zikaonekana.

Mganga aliyeitwa alinusa hewa, akatua chetezo. “Jini huyu hakujileta. Kaitwa. Aliyemwita ayaseme maneno yale yale mbele ya baba wa mtoto, ayakane, ataondoka leo hii.”

Mwoka mikate alicheka kicheko kikavu. “Mzee wangu, nani amwite jini kwa mtoto mchanga?” Kisha akamnong’oneza mkewe, “Mama, usiku ule kabla hajakataa ziwa, hukusikia chochote?”

Akautazama uso wa mumewe, unga bado kwenye nyusi. Aseme nini? Kwamba alimsikia mgeni na mwanawe, akabaki anatazama sinema?

“Nilikuwa nimelala,” alisema.

Mganga alimkodolea macho, halafu akafunga mkoba wake polepole.

Mume alipokwenda kazini, mkewe alipiga magoti kando ya kitanda cha mtoto. “Ni mimi niliyekuita. Nayakana, wallahi nayakana, niachie mwanangu.”

Harufu ya waridi ikajaa chumba. Mkono wa baridi ukampapasa kichwani, kwa upole, kama anayembembeleza mtoto.

“Hayo yalikuwa ya kusema mbele ya baba yake. Ila usiwe na wasiwasi, mwenzangu. Kwamba ulikuwa unanisikia, sitamwambia mtu mwingine.”