Odile na Kona Sita

Enzi za Zaire, Odile na jirani yake Félicité walikuwa wadarizi wa vitambaa vya meza katika mtaa wa Mangobo. Walikaa ua mmoja, na kila mmoja alimwonea mwenzake kijicho. Asubuhi moja Odile alikuwa akipika pondu, majani ya muhogo, lakini moyo wake haukuwa kwenye sufuria. Alikitazama kitambaa kipya cha Félicité kwenye kamba. Maua yake yalizungukwa na umbo la pande sita, zote sawasawa.

"Alichora na nini, huyu?" Odile alimwuliza mumewe, Faustin.

"Na ile ordinateur, kompyuta ya paroisse. Mama Simone iko nafundisha wamama. Enda na weye."

"Mimi nifuate nyuma ya Félicité? Jamais!"

Lakini Tonton Wenceslas, mzee wa mtaa, alikuwa akimwoza binti yake. Angechagua mdarizi mmoja tu wa vitambaa vyote vya karamu. Odile alijua angechaguliwa nani, na roho ilimuuma. Félicité alipokwenda sokoni, Odile alibandika nailoni angavu juu ya kitambaa cha mwenzake na kufuatisha umbo kwa kalamu.

Wizi huo ulimponza. Kitambaa kilikuwa bado kimelowa, na maji yalikivuta chini. Odile alipodarizi, umbo lililala upande.

"Kona zako zilikunywa pombe ya lotoko?" Faustin alicheka.

Odile hakucheka. Kuuliza si ujinga. Kesho yake alikwenda parokiani.

Mama Simone alimkalisha mbele ya kompyuta.

"Andika: mbele hamsini."

Mstari ukatokea.

"Sasa ugeuze kona: andika geuka na hesabu ya degré."

Odile alikadiria kwa jicho, kama alivyozoea kwenye kitambaa. Aliandika: geuka hamsini. Alirudia yote mawili mpaka mistari ikawa sita. Mstari wa mwisho haukufika kwenye wa kwanza.

"Masini iko mubaya!"

"Hapana, mama. Masini haina macho. Inafanya ile unaiambia. Mutu akizunguka mpaka arudi fasi alianzia, anageuka degré ngapi?"

"Mia tatu na sitini. Ile nilisoma."

"Bon. Ugawanye na hesabu ya kona. Unataka ngapi?"

"Sita. Donc... sitini!"

Odile aliandika sitini. Safari hii mistari ilikutana barabara. Alipiga vigelegele mpaka Mama Simone akaziba masikio.

Odile hakuishia kwenye sita. Alichora umbo la pande nane, likachapwa kwenye karatasi, akalidarizi. Tonton Wenceslas alitandaza vitambaa vya wanawake wote wawili.

"Hii ya Odile," alisema. "Ndiyo nataka ku meza zote."

Jioni Félicité alikuja jikoni kwa Odile, macho mekundu.

"Dada, ile ya kona munane, uligeuza ngapi?"

Odile alitamani kunyamaza. Kuonewa wivu kulikuwa kutamu, kutamu sana. Lakini maumivu yale aliyajua.

"Makumi ine na tano," alisema.

Félicité aliondoka mbio. Odile akamgeukia mumewe.

"Faustin, gawanya mia tatu na sitini kwa kona kumi."

"Makumi tatu na sita. Juu ya nini unauliza?"

"Kesho asubuhi niko ku paroisse mbele yeye afike."