Meya Aliyetawala Mezani kwa Dada

Wewe unayesoma, usijifanye hujui. Mtaro ulio wazi mtaani kwako unaupita kila siku. Unaziba pua, unaruka, unatazama pembeni. Kisha unauliza serikali iko wapi. Basi kaa usikilize habari za fundi cherehani mmoja. Naye alitazama pembeni miaka kumi na moja, na meya wa mji ni mdogo wake wa tumbo moja.

Meya huyo alianza kama fundi wa mabomba. Mtaani walimwita Bomba, na hadi leo wanamwita hivyo. Alizibua vyoo vya watu hata siku za mapumziko. Ndiyo maana alipogombea udiwani, kata nzima ilimpa kura. Dada yake akamshonea suti ya kuapishwa. Baadaye madiwani wenzake wakamchagua naibu meya. Suti ikaongezwa kiunoni. Mwaka jana wakamchagua meya. Suti ikakataa kabisa, ikabidi ishonwe nyingine.

Kila Jumapili Bomba alikula kwa dada yake. Mtaa mzima ulijua. Mwenye shida alipita kwa fundi cherehani, akasema, "Mwambie mdogo wako." Naye alimwambia huku akimpakulia.

"Bomba, na ule mtaro?"

"Dada, hilo limekwisha."

Alisema hivyo akiwa diwani. Alisema hivyo akiwa naibu. Sasa ni meya, na mtaro uko wazi vilevile.

Siku moja mama yao akaanguka humo. Macho yake ni hafifu, na alikuwa akienda kliniki kuchukua dawa ya macho. Aliteguka nyonga. Nyonga ikapona, hofu haikupona. Kliniki akagoma kwenda. Kubebwa hakutaka. "Mimi si gunia," alisema. Lakini daktari alikuwa ameonya: akiacha kufika kupimwa, hata nuru kidogo iliyobaki itazimika.

Wiki hiyo jirani alileta suruali ipunguzwe. Alikuwa karani mstaafu wa halmashauri ya mji.

"Mwanangu, shida hii ya mtaro mmeiandika?" aliuliza.

"Tuandike nini, mzee? Meya anakula hapa kila wiki."

"Hapa anakula mdogo wako. Meya yuko ofisini. Meya ni mwenyekiti wa madiwani tu. Hawezi kuamka asubuhi akaagiza mtaro ufunikwe. Baraza la madiwani ndilo linaloamua, na baraza linajadili kilichoandikwa. Unachosema na upawa mkononi hakifiki huko."

"Mbona hajaniambia?"

Karani akacheka. "Nani anapenda kumwambia dada yake mkubwa kwamba hawezi?"

Fundi akasimamisha cherehani. Miaka kumi na moja ilimpanda kichwani yote kwa pamoja.

"Tufanyeje?"

"Andikeni barua. Semeni mtaro uko wapi, umewaumiza nani, mnataka nini. Watu watie sahihi. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Pelekeni halmashauri, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Kisha ulizeni siku ya kikao. Mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza."

Jumapili fundi hakupakua. Alikaa mbele ya mdogo wake.

"Bomba, ulishindwa nini kusema?"

Bomba akainamisha kichwa. "Niliona aibu, dada. Nikilipeleka mwenyewe bila barua, wataniambia najijengea kwetu. Nikawa naahidi tu."

"Na mama je?"

Machozi yalimlengalenga Bomba. Dada akamsogezea sahani. Hasira anayo, lakini mdogo wake ni mdogo wake.

Barua ikaandikwa. Fundi alikumbuka kila aliyeanguka, na mwaka wake. Walifika kumi na wanne. Mama alitangulia kuweka dole gumba. "Jina langu liandikwe vizuri," alisema, "wasije wakasema ni la mtu mwingine." Kaya tisini zikafuata. Muhuri ukagongwa.

Siku ya kikao, wakazi kumi na saba walijaza benchi la nyuma. Bomba aliingia na joho lake na mkufu shingoni. Barua ilipofikiwa, alisimama.

"Huo ni mtaa wa mama yangu. Naibu akalie kiti. Mimi sitapiga kura."

Diwani mmoja akauliza kwa kejeli, "Kwa nini wao waanze?"

Naibu hakubishana naye. Alisoma majina kumi na manne, moja moja, na miaka yake. Mikono ikanyooshwa, hoja ikapita.

Baada ya miezi mitatu mtaro ulifunikwa kwa zege. Mama akaenda kliniki kwa miguu yake. Bomba alitaka kumshika mkono.

"Niache," mama alisema. "Wewe huna kazi?"

Hata hivyo alitembea naye taratibu hadi mlangoni, wakitaniana njia nzima.

Na wewe je? Diwani wako unamjua kwa jina? Kikao kijacho ni lini? Kama hujui, usilale na swali hilo. Chukua kalamu leo. Andika, kusanya sahihi, peleka, dai muhuri. Siku ya kikao ikifika, nenda ukakae pale mbele ya macho yao. Inuka sasa.