Ndiyo Tatu za Kengele

Kila asubuhi, kabla jua halijakolea, mtaa mzima ulijua kwamba Kengele amepita. Jina lake halisi lilikuwa limelala kwenye rejista ya shule. Nje ya hapo watu walimwita Kengele, kwa sababu hakuweza kupita kona, kuku wala jirani bila kuipiga kengele ya baiskeli yake. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa mdomo.

Siku za likizo kazi yake ya kwanza ilikuwa kumpelekea baba makopo ya rangi. Baba alikuwa mchora mabango. Asubuhi hiyo alikuwa juu ya ngazi mbele ya duka la dawa, akichora herufi kubwa za bluu. Kengele alifungua kamba kwenye karia ya baiskeli, akashusha makopo, kisha akasimama pale pale akijikuna kisogo.

"Sema," baba alisema bila kugeuka. "Ukinyamaza hivyo, najua kuna jambo."

"Baba, dada amejifungua."

"Hiyo si habari. Mimi ndiye babu."

"Nataka kwenda kumwona mtoto. Kwa baiskeli."

Brashi ilisimama katikati ya herufi. Mji wa ziwani, alikoolewa dada, ulikuwa mwendo wa siku mbili kwa baiskeli, na njiani palikuwa na kilima ambacho hata malori yalikipanda yakilia. Lakini dada mwenyewe aliwahi kuipita njia hiyo kwa baiskeli zamani za chuo, na alipoolewa alimwachia mdogo wake ile baiskeli pamoja na hamu ya safari.

Baba alishuka ngazi taratibu. "Sikukatalii," alisema. "Ila peke yako huendi. Tafuta wenzako watatu, na wawili kati yao wawe watu wazima. Usiku mtalala kwa shangazi yako, nyumba yake iko njiani. Ukikosa wenzako, tutapanda basi kama watu wengine."

Kengele hakusikia habari ya basi. Alikwisha kuruka juu ya baiskeli.

Alianza kwa Twiga, rafiki yake wa darasa moja na jirani wa nyumba ya tatu. Twiga alikuwa mrefu kuliko baadhi ya walimu, lakini baiskeli alijifunza juzijuzi tu, na bado aliushika usukani kama mtu anayemshika mbuzi pembe.

"Ningependa sana," Twiga alisema, macho yakimng'aa. "Lakini vilima siviwezi, unajua. Nikipanda, moyo unataka kutokea mdomoni. Kuna vilima?"

Kengele alijua jibu. Aliona pia ule mng'ao machoni mwa mwenzake, akaogopa usizimike.

"Vilima wapi! Njia ni tambarare kama meza."

"Na mama je? Hataniruhusu bila mtu mzima wa kuaminika."

"Mwalimu wa michezo anakwenda. Keshakubali," Kengele alisema.

Hakuwa hata amemwuliza. Kwa hiyo alikanyaga pedali kwa nguvu zote hadi shuleni, akamkuta Mwalimu uwanjani akijaza mipira upepo.

"Baiskeli naendesha, na pumzi ninayo," Mwalimu alisema baada ya kumsikiliza. "Tatizo langu ni kuharibikiwa. Mnyororo ukikatika porini, mimi nitabaki kuutazama na kuulilia tu. Mngekuwa na fundi kwenye msafara, ningekuja."

"Fundi yumo, Mwalimu!"

"Kweli? Basi nami nimo."

Kutoka hapo ilikuwa ni mbio hadi kwa fundi baiskeli. Fundi alifanya kazi chini ya bati dogo kando ya barabara, mikono myeusi kwa grisi, redio ikikoroma pembeni. Aliposikia habari za safari alicheka, akalipiga goti lake la kushoto.

"Muulize huyu. Akisema ndiyo, nami ndiyo. Mashimo na changarawe hayataki kabisa. Njia ikoje?"

"Lami tupu, Fundi. Mwanzo hadi mwisho."

"Na mtu mzima mwingine ni nani? Sitaki kuwa mlezi peke yangu."

"Mwalimu wa michezo. Alikubali wa kwanza."

"Kama Mwalimu anakwenda, mimi ni nani nibaki?"

Kengele alirudi nyumbani akiimba. Njiani alijihoji kidogo, akajijibu upesi. Alimwambia Twiga kwamba Mwalimu amekubali, na sasa Mwalimu amekubali kweli. Alimwambia Mwalimu kwamba Fundi yumo, na sasa yumo. Huo si uongo, alijiambia, ni ukweli uliotangulizwa kidogo. Habari ya lami na kilima aliiweka pembeni. Wakifika huko watakuwa wameshafika, nani atarudi?

Siku zilizofuata mambo yalikwenda kama yaliyopangwa na mtu mwingine mwenye akili zaidi. Twiga alizunguka uwanja wa mpira kila jioni hadi magoti yakachubuka. Mwalimu alimwomba mdogo wake aahirishe kuja kumtembelea. Fundi aliwaambia wateja kwamba atafunga kibanda kwa muda. Kisha, siku moja, Fundi akatuma ujumbe kwa kila msafiri: leteni baiskeli zote alasiri, nizikague.

Kengele alipousikia ujumbe huo, aliona kwamba sasa watakutana wote mahali pamoja. Alifikiri kujifanya mgonjwa, lakini aliona mgonjwa atakosa kujua wanasema nini. Akaenda.

Mwalimu alikuwa amefika. Nyuma yake alikuja Twiga akiwa na mama yake. Mama Twiga alikuwa askari wa lango kwenye hospitali. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti iliyoweza kusimamisha gari la wagonjwa, na Kengele alimwogopa tangu utotoni.

"Fundi, nakushukuru," Mwalimu alisema akiegesha baiskeli yake. "Usingekubali wewe kwanza, mimi nisingethubutu."

Fundi aliinua kichwa. "Mimi kwanza? Wewe ndiye uliyekubali kwanza, Mwalimu. Mimi nimekufuata wewe."

"Ngojeni," alisema Mama Twiga. "Binti yangu aliniambia Mwalimu amekubali kabla hata Kengele hajaondoka nyumbani kwetu."

"Saa hiyo mimi nilikuwa sijaulizwa kitu," Mwalimu alisema polepole.

Nyuso zote zilimgeukia Kengele. Yeye alikuwa ameinama, akikagua kwa makini tairi lisilo na kasoro yoyote.

Fundi alijaribu kupooza mambo. "Haidhuru, angalau njia ni lami tupu."

Mama Twiga aliangua kicheko. "Lami! Nani kakudanganya? Mimi nimezaliwa upande huo. Ukivuka daraja lami kwaheri, ni changarawe hadi kwenye kilima."

"Kilima?" Twiga aliuliza.

Watu wazima walianza kucheka, kwanza Fundi, kisha Mwalimu, kwa jinsi walivyozungushwa kama watoto. Twiga hakucheka. Alimsogelea Kengele, akasema kwa sauti ya chini, "Nilikwambia vilima siviwezi. Ulinisikia vizuri kabisa." Akashika baiskeli yake, akaisukuma kwenda nyumbani bila kuipanda. Kengele alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni alimkuta baba nyuma ya nyumba, akisafisha brashi kwa mafuta ya taa. Alimweleza yote, tangu njia tambarare kama meza hadi lami tupu. Baba alisikiliza akiendelea kukamua brashi, na mafuta ya bluu yakimtiririka vidoleni.

"Kesho utawazungukia wote," alisema mwishowe. "Hutawabembeleza waende. Utaomba radhi, utawaeleza njia ilivyo, kisha utanyamaza."

"Ninyamaze tu, baba?"

"Unyamaze. Kwako wewe hiyo ndiyo adhabu yenyewe."

Kesho yake baiskeli ilipita mtaani bila mlio. Jirani mmoja alichungulia dirishani akidhani msichana anaumwa.

Mwalimu alimsikiliza mikono kiunoni. Kengele alieleza, akaomba radhi, akanyamaza. Ukimya ulimwuma kama siafu ndani ya soksi, lakini aliuvumilia.

"Nimekasirika," Mwalimu alisema. "Nimemzuia mdogo wangu kuja kwa ajili ya maneno yako. Nitafikiri, kisha nitakupa jibu. Leo sikupi."

Kwa Fundi mambo yalikuwa mepesi zaidi, ingawa jibu lilikuwa gumu. "Goti limesema hapana," alisema akilipapasa. "Kwa changarawe hiyo ningewarudia kwenye machela. Lakini kaa hapa. Kama mimi siendi, mikono yangu iende." Akavua tairi la baiskeli kuukuu, akamtupia Kengele mpira wa ndani. "Tafuta pancha."

Kengele alikaa chini ya bati hadi mchana. Alijifunza kutafuta tundu kwa kuuzamisha mpira kwenye beseni la maji na kufuata mapovu. Alibandika kiraka kikatoka, akabandika tena kikatoka. "Unaharakisha," Fundi alimwambia. "Hujausugua ukasafika, unataka gundi ishike uchafu." Alisugua upya. Kiraka kilichofuata kilishika, pamoja na vidole vyake viwili.

Nyumba ya Twiga aliiacha mwisho kwa makusudi. Mlango ulifunguliwa na Mama Twiga mwenyewe, akiwa na sare ya kazi.

"Shikamoo, Mama Twiga."

"Marahaba. Umeleta uongo gani leo?"

Kengele alijikaza. Twiga alikuwa ndani, akikunja nguo kitandani, hivyo Kengele alipaza sauti ili wote wamsikie. Alisema kilima kipo, na ni kirefu. Alisema changarawe ipo, na Fundi haendi tena, na Mwalimu hajajibu. "Nilijua habari ya kilima tangu siku ile. Nilikudanganya kwa sababu nilitaka uje. Nisamehe, Twiga." Kisha akanyamaza, kama alivyoagizwa.

Mama Twiga alikuwa wa kwanza kusema. "Nikuulize. Kazini naenda kwa baiskeli kila siku unaniona. Kwetu ni njia hiyo hiyo. Umezunguka mji mzima ukitafuta mtu mzima. Mimi hukuniona?"

"Nilikuona, Mama Twiga. Nakuogopa."

Kicheko cha Mama Twiga kilitikisa vikombe kabatini. Twiga alitoka chumbani na shati mkononi, akijitahidi asitabasamu.

"Hicho kilima, dada yako alikipandaje?" aliuliza.

"Alishuka, akasukuma baiskeli. Aliniambia hata alilia kidogo."

"Dada yako? Alisukuma?" Twiga aliliacha shati. "Kumbe kusukuma kunaruhusiwa! Mimi nilidhani ni lazima mtu apande hadi afe. Ungeniambia hivyo mwanzo, ningekubali siku ile ile."

Jibu la Mwalimu lilikuja siku mbili baadaye: anakwenda, mradi kila habari ya njia aambiwe na Mama Twiga.

Waliondoka wanne alfajiri, Mama Twiga akichukua nafasi ya Fundi, baba akiwapungia mkono wenye madoa ya rangi. Lami ilikuwa tamu hadi darajani. Baada ya hapo changarawe iliwatikisa meno, na tairi la nyuma la Mwalimu likapata pancha. Kengele aliuzamisha mpira kwenye sufuria ya maji waliyoomba kwenye nyumba iliyo kando ya njia, akasugua bila haraka, akabandika. Mwalimu alisimama juu yake akimtazama kama anayesimamia mtihani. Kiraka kilishika. Walilala kwa shangazi, aliyewalisha hadi wakashindwa kuinuka.

Siku ya pili kilima kikajitokeza. Twiga alikitazama, akameza mate.

"Ni kirefu kweli," Kengele alimwambia. "Kutoka hapa huoni hata mwisho wake. Kuna kona, na baada ya kona kuna kingine."

"Ahsante kwa kunitia moyo," Twiga alisema, akashuka, akaanza kusukuma. Wote wakashuka. Walisukuma, wakapumzika, wakasukuma tena. Mara moja Twiga aliketi kando ya njia akisema hatoki hapo mpaka azeeke, lakini alipoona hakuna anayembishia, aliinuka mwenyewe.

Kileleni walijitupa kwenye nyasi. Chini yao ziwa lilimetameta, na paa za mji zilionekana.

"Kengele," alisema Mama Twiga akijipepea kwa kofia. "Juzijuzi ulikuwa na ndiyo tatu. Ziko wapi?"

"Zilikwisha siku moja, Mama."

"Zilikwisha kwa sababu hazikuwa za wenyewe. Uliwapokonya watu. Mtu akikubali jambo asilolijua, siku akilijua anakuacha njiani, na haki anayo. Huyu Twiga alikijua kilima, akakubali, na ndiyo maana leo amefika juu. Ukitaka mwenzako wa safari ndefu, mwonyeshe sehemu ngumu kwanza. Atakayebaki hapo ndiye wako."

"Nimesikia, Mama," Kengele alisema, na safari hii hakuongeza neno.

Waliteremka breki zikipiga kelele, Twiga akiwa wa mbele kabisa, akipiga mayowe ya furaha. Dada alikuwa mlangoni amembeba mtoto, na alipowaona wamejaa vumbi hadi kwenye nyusi, alicheka mpaka mtoto akaamka.

"Karibuni jamani! Poleni! Njia ilikuwaje?"

Twiga alimtazama Kengele, Kengele akamtazama Twiga.

"Mbaya sana," walijibu kwa pamoja.

"Na kurudi," Twiga aliongeza, akinyoosha mikono ampokee mtoto, "tunarudi kwa hiyo hiyo."