Kikombe cha Kulwa

Jua lilikuwa linazama nyuma ya stendi ya Bariadi Kija alipoingia dukani kwa Shija, Doto mgongoni. Tangu wamzike Kulwa, pacha wake, Doto hakutaka kula. Chupa alitupa. Kijiko alitema. Alikonda, akabaki macho na masikio.

"Nunua vikombe viwili," Ng'washi, mama mkwe wa Kija, alikuwa amemwagiza. "Cha pacha hakinunuliwi kimoja. Aliyetangulia naye anakula."

Kija, mwanakwaya, alimjibu kwamba marehemu hanywi uji.

Shija alikuwa na mdomo wa kumuuzia kipara kitana. "Mwadila, mayu! Za jioni, mama! Chupa hiyo achana nayo, shingo kama twiga, brashi haifiki, maziwa yanachachia humo. Chukua kikombe hiki. Mikono miwili, mfuniko, mdomo laini. Hata baba yangu ningempa, anavyomwaga chai!"

Kija akacheka. Mara ya kwanza tangu msiba.

"Nipe kimoja."

Shija akachungulia mgongoni kwake.

"Na huyu mwenzake atanywea nini?"

"Mwenzake... yupi?"

Shija, msema hovyo yule, akachungulia tena, akaondoa macho haraka. Akasukuma vikombe viwili mezani. "Cha pili nimekupa, mayu. Nenda... nenda tu."

Njiani kitenge kilimlemea. Kikanukia mafuta ya nazi. Yale aliyompaka Kulwa kabla ya sanda.

Nyumbani alijaza uji vikombe vyote, akavifunga, akaviweka mkekani. Doto akakisukuma kimoja upande usio na mtu. Akasubiri.

Fyonz... fyonz...

Doto akacheka. Ndipo akakishika chake, akanywa mpaka tone la mwisho.

Kija akakiinua kile kingine.

Chepesi.

"Panya hao," alinong'ona Ng'washi, yeye yule aliyeagiza viwili. Hakukitazama.

Mfuniko ulikuwa bado umefungwa.

Asubuhi Kija aliinama, akafunga kitenge. Hakukikaza kama siku zote. Alikiachia upana, kama enzi zile za wawili. Uzito ukakaa kulia. Uzito ukakaa kushoto. Pumzi moja shingoni... na nyingine.

"Geuka basi uone, mwanangu," Ng'washi alisema.

Kija hakugeuka.

Aliogopa kumkuta mmoja.